Mary Ingles 1755: Alitoroka mateka Kentucky akatembea kwa miguu siku 42. Ni kweli aliacha kichanga nyuma?

#1 Mzururaji_wa_Vitabu (mleta uzi)
Wakuu salaam. Nilikuwa nasoma mambo ya walowezi wa mwanzo Marekani nikakutana na huyu mama Mary Draper Ingles, usingizi ukakata kabisa. Kwa ambao hawamjui:

Mwaka 1755 anaishi na mumewe William kwenye makazi madogo yanaitwa Draper's Meadow, milimani magharibi mwa Virginia, pale ulipo mji wa Blacksburg sasa hivi. Ana miaka 23 na watoto wawili wa kiume, Thomas miaka 4, George miaka 2. Mwezi wa saba, wanaume wako mbali wanavuna, wapiganaji wa Kishawnee (kabila la Wahindi Wekundu) wanaingia. Mama yake mzazi anauawa, kichanga cha wifi yake kinauawa, mkubwa wa eneo lile Kanali James Patton anauawa. Mary na wanawe, wifi yake Bettie ambaye risasi imemvunja mkono, na jirani mmoja wanabebwa mateka. Wanapelekwa hadi Lower Shawneetown, mji mkubwa wa Washawnee pale mto Scioto unapoingia kwenye mto Ohio. Huko wanagawanywa, watoto anapokonywa. Yeye anapelekwa mbali zaidi na mto kwenda kuchemsha chumvi, sehemu inaitwa Big Bone Lick, siku hizi ni Kentucky. Mwezi wa kumi anatoroka na bibi mmoja Mdachi aliyekuwa mateka mwenzie. Hakuna ramani, hakuna bunduki, blanketi na kashoka tu. Wanafuata mto kurudi walikotoka. Siku 42 baadaye anatokea kwenye shamba la mahindi la jirani yake wa zamani Adam Harman akiwa karibu uchi, mifupa mitupu.

Sasa kinachonisumbua. Simulizi maarufu inasema usiku wa tatu baada ya kutekwa alijifungua mtoto wa kike porini, na siku ya kutoroka akamwacha kwa Washawnee akiwa na miezi kama mitatu. Lakini mwanae John, aliyezaliwa miaka kadhaa baadaye na akaja kuandika habari za mama yake miaka ya 1820, huyo mtoto hamtaji kabisa. Hata neno. Nani mkweli hapa? Na mama anaweza kweli?

#2 Kijiwe_Cha_Kahawa
Nimewahi siti. Uzi mzito huu, ngoja wajuzi waje

#3 Dada_Pwani
Mama anaweza jamani. Mtoto analia, mtoto akilia porini mnakufa wote watatu. Akimwacha kule anabaki na watu wa kumlisha. Mie naona huo ndo uamuzi wa mama mwenye akili, nyie mnaouliza "anaweza kweli" hamjawahi kufukuzwa.

#4 Mhasibu_Mstaafu
Mleta mada umeiweka vizuri, ila tuanze na chanzo maana hapo ndipo penye ugomvi. Habari ya mtoto wa kike inatoka kwa John P. Hale, kitukuu wa Mary, kwenye kitabu alichotoa 1886. Hesabu mwenyewe, miaka 131 baada ya tukio. Mary amefariki 1815 akiwa na miaka 83. Yule John Ingles mtoto wake amezaliwa 1766, kwahiyo ameishi na mama yake karibu miaka hamsini, amesikia kutoka mdomoni mwake. Kama ni mahakamani unamwamini nani, mtoto au kitukuu?

#5 Sungura_Mjanja
#4 mzee na wewe, mtoto ndo wa mwisho kuambiwa mambo kama hayo. Mama yako ameshakwambia kila kitu cha ujana wake?

#6 Mhasibu_Mstaafu
Mama yangu aliniambia mpaka madeni ya baba. Tuendelee.

#7 NesiKigoma
Mimi ni mkunga niongee upande wangu. Watu wanasema haiwezekani mwanamke ajifungue usiku halafu asubuhi apande farasi siku nyingi milimani. Inawezekana, nimepokea akina mama waliojifungulia njiani wakatembea wakafika wodini wamembeba mtoto kwenye kanga na kitovu kimefungwa na uzi wa kikapu. Hatari ni damu na uchafu kuingia, kuna wanaopona na kuna wasiopona, lakini huwezi kusema HAIWEZEKANI ukafunga mjadala.

Mimi kinachonipa mashaka ni kitu kingine ambacho sijaona mtu anakitaja. Ukimwachisha ziwa ghafla mtoto wa miezi mitatu, maziwa yanajaa, matiti yanakuwa mawe, homa inapanda, siku tatu nne za kwanza ni mateso. Huyo mama ndo siku hizohizo anakimbia. Kwenye hadithi nzima ya mateso yake kuanzia viatu mpaka njaa hilo halimo. Sasa ama aliyeandika ni mwanaume hajui, ama halikutokea.

#8 Dada_Pwani
#7 ahsante dada. Mwanaume hajui, jibu ndo hilo.

#9 Buda_wa_Nakuru
Wasee nimesoma hii story kitambo, iko na sehemu moja noma sana mleta uzi ameruka. Hiyo siku ya attack kulikuwa na mzee anaitwa Casper Barger, walimkata kichwa wakaweka kwa gunia, wakapitia kwa nyumba ya mama Lybrook huko mbele wakamwambia hebu angalia ndani ya gunia utaona mtu unamjua. Manze. Hiyo ni mambo ya kuogopesha watu wahame, si ati ni ukatili tu wa bure, ni ujumbe.

Halafu Patton alikuwa amekaa kwa meza anaandika, upanga wake uko hapo kando. Wanasema aliangusha wawili kabla apigwe risasi.

#10 Mzururaji_wa_Vitabu
#9 niliruka makusudi watu wanakula huku. Ila ya gunia ipo.

#11 MwanaHistoria_Tabora
Niongeze mawili. La kwanza tarehe. Hale anasema tarehe 8 Julai, siku moja kabla ya jeshi la Waingereza la Jenerali Braddock kuchapwa na Wafaransa na Wahindi Wekundu washirika wao karibu na mto Monongahela, hiyo ni 9 Julai 1755. Inapendeza kwenye hadithi. Lakini orodha ya waliouawa na kutekwa iliyoandikwa na William Preston inasema 30 Julai. Preston alikuwa mpwa wa Patton na alikuwepo eneo lile siku hiyohiyo, alipona kwa sababu alitumwa kwa Lybrook kuomba watu wa kusaidia mavuno na wakarudi kwa njia ya mlimani. Kwahiyo 30 Julai ndiyo ya kushika, na ina maana Washawnee walikuja WAKIJUA Waingereza wameshapigwa, hakuna jeshi la kuwalinda walowezi.

La pili, tusiwaite wavamizi wakati hatujauliza nani kamvamia nani. Patton alikuwa dalali mkubwa wa ardhi, alipewa maelfu kwa maelfu ya ekari ng'ambo ya milima ya Blue Ridge na serikali ya Virginia, ardhi ambayo kwa Washawnee ilikuwa mawindo yao. Draper's Meadow ilikuwa ndani ya mpango wake huo. Wale watu walijua nyumba ipi ya kuanza nayo.

#12 Chuma_Cha_Pua
#11 Kwahiyo kichanga cha Bettie nacho kilikuwa dalali wa ardhi??

#13 MwanaHistoria_Tabora
Sijasema hivyo mkuu, soma taratibu. Nimesema sababu, sijasema haki.

#14 Chuma_Cha_Pua
Sawa sawa. Ila mkianza na sababu mwisho wa siku muuaji anatoka na cheti.

#15 Mapendo_Lexington
Bonjour wote. Mimi niko Lexington, Kentucky, hapa tuko Wakongomani wengi sana, Kiswahili unasikia mu duka, mu shule, kila mahali. Hiyo Big Bone Lick niliendaka na watoto wa kanisa, ni mwendo wa kama saa moja na nusu hivi na gari. Leo ni paki ya serikali. Jina linatoka ju ya mifupa mikubwa ya nyama za zamani, zile tembo zenye manyoya, zilikuwa zinakuja kulamba chumvi zinakwama mu tope. Rais Jefferson alituma Clark mu 1807 kuokota mifupa. Chemchemi ya chumvi iko bado, inanuka kama yai bovu.

Kitu moja watu hawaelewi, mukiangalia karte munaona mto tu. Ile mito midogo inayoingia mu Ohio si midogo. Licking, Big Sandy, Guyandotte, Kanawha, kila moja wanasema wale wamama hawakujua kuogelea, basi wanapanda na mto mudogo mpaka pa kuvuka halafu wanashuka tena upande ya pili. Ndio maana kilomita zinakuwa nyingi.

#16 Mhasibu_Mstaafu
#15 asante sana, hiyo ndiyo maana hata umbali hawakubaliani. Wengi wanasema maili 500 hadi 600, wengine wanafika 800. Chukua chini kabisa, maili 500 ni kilomita 800, gawa kwa siku 42, unapata kilomita 19 kwa siku. Dar mpaka Mbeya kwa mguu, bila barabara, mwezi wa kumi na kumi na moja baridi inaingia, mmevaa raba za ngozi ambazo ziliisha mapema.

#17 Sungura_Mjanja
Kilomita 19 kwa siku na njaa ile? Mi siamini. Labda 12.

#18 Kijiwe_Cha_Kahawa
#17 wewe kutoka kitandani kwenda dukani unaita bodaboda

#19 Bi_Mkubwa_Unguja
Assalaam alaykum. Nimesoma nikatabasamu hapo pa siku 42. Kwetu mzazi hutoka arobaini ndiyo ajitokeze, huyu arobaini yake kaimaliza porini anatafuna mizizi.

#20 NesiKigoma
Bi mkubwa hahaha. Ila kama alijifungua basi ni mwanzoni mwa Agosti, arobaini ilishaisha kabla hajatoroka. Hizo 42 ni za safari.

#21 Bi_Mkubwa_Unguja
Basi kakaa arobaini mbili, ndo kabisaa.

#22 Buda_wa_Nakuru
Na walikula nini? Nimeona walnut na zabibu za pori, mizizi, kuna mahali walipata mahindi kwa nyumba imeachwa wakachukua na farasi. Farasi akakwama miguu kwa magogo yamejazana mtoni walipojaribu kumvusha juu yake huko Big Sandy wakamwacha hapo. Bibi Mdachi akabeba kengele ya farasi, Mary akabeba mahindi yaliyobaki. Hapo tu unajua nani alikuwa na akili ya kusurvive.

#23 Mzururaji_wa_Vitabu
Kuna kitu kingine kizuri kabla hawajaondoka Big Bone. Hale anasema Wafaransa watatu wafanyabiashara walikuwa wamekaa juu ya mfupa mmoja wa lile dude la kale wanavunja karanga za walnut, Mary akabadilishana nao kashoka kake butu akapata kenye makali. Aliaga anaenda kuokota zabibu, akaondoka. Mimi ndo napenda hapo. Huyu alipanga, siyo mtu aliyekurupuka.

Na kule mjini kabla ya chumvi alikuwa anashona mashati ya vitambaa vya drafti vya wafanyabiashara wa Kifaransa, Washawnee wanayapenda, heshima ikapanda. Hale anasema hata ile kupita katikati ya mistari miwili ya watu wanakuchapa fimbo, ambayo mateka wanapitishwa, Mary alisamehewa. Bettie na mkono wake uliovunjika alipitishwa.

#24 Dada_Pwani
#23 haya sasa ndo umejibu swali lako mwenyewe! Kwanini Mary asamehewe na Bettie mgonjwa asisamehewe? Kwa sababu Mary alikuwa mzazi ana kichanga mikononi. Mtoto alikuwepo. Kesi imeisha.

#25 Mhasibu_Mstaafu
Kesi haijaisha. Hiyo ya kusamehewa nayo imetoka kwa Hale huyohuyo. Shahidi mmoja huwezi kumwita mara mbili ukasema umepata mashahidi wawili.

#26 Dada_Pwani
Uhasibu huo peleka kazini.

#27 MwanaHistoria_Tabora
Nina wazo langu kuhusu ukimya wa John. Angalia watoto wale wamefuatana vipi. Thomas 1751, George 1753. Mimba nyingine mwaka 1755 ni kitu cha kawaida kabisa kwa mwanamke wa zama zile, kwahiyo upande wa uwezekano Hale yuko vizuri. Sasa John anaandika wakati Virginia imeshakuwa sehemu ya taifa, familia ina jina, ina kivuko cha Ingles Ferry kwenye New River tangu 1762, wakubwa wanapita hapo. Utaandika mama yako aliacha dada yako kwa "washenzi" kama walivyowaita? Unaruka. Kitukuu anaandika 1886, uchungu umeshapoa, na wasomaji wake wanapenda kulia. Kwahiyo John alikuwa na sababu ya kuficha na Hale alikuwa na sababu ya kuongeza. Mimi sijui mnachagua vipi hapo.

#28 Sungura_Mjanja
Au habari ilipita kwa wanawake. Mary na William walipata watoto wengine wanne baada ya yale mambo, wasichana watatu na John. Bibi anawaambia mabinti jikoni, mabinti wanawaambia mabinti zao, wanaume wako nje wanahesabu ng'ombe. Hale kaokota kwa bibi zake. Hapo wote wawili wanakuwa wakweli.

#29 Mhasibu_Mstaafu
#28 hii nakupa pointi. Nusu.

#30 Chuma_Cha_Pua
Mimi nataka mniambie kuhusu yule bibi aliyetaka kumla mwenzie.

#31 Kijiwe_Cha_Kahawa
😳 kumla??

#32 Mzururaji_wa_Vitabu
Ndiyo mkuu #31. Wakiwa wamepanda Kanawha, chakula hakuna kabisa, bibi Mdachi akaanza kumwangalia Mary vibaya. Kwa mujibu wa Hale akasema wazi kwamba mmoja afe mwingine ale. Mary akamtuliza, wakapiga kura, Mary akashindwa, akamwahidi malipo wakifika lakini wapi. Jioni bibi akamrukia, wakashikana, Mary akachomoka akajificha. Akaona mtumbwi umejaa majani na udongo, hakuna kasia, akachukua kipande cha ubao. Hajawahi kupiga kasia maishani. Akavuka. Asubuhi bibi yuko ng'ambo analia anaomba msamaha arudi amchukue. Mary akakataa akaendelea peke yake upande wake.

#33 Bi_Mkubwa_Unguja
Kafanya la maana. Mtu kakwambia atakula, urudi ukamfuate kwa mtumbwi?

#34 Mapendo_Lexington
Sisi tulitokaka Fizi mu 1996 kwa miguu na mtumbwi mpaka Kigoma, baadaye kambi ya Nyarugusu. Nilikuwa mtoto. Nitasema kitu moja tu. Mama yangu na dada yake walipiganaka ju ya kisahani ya unga, watu waliolala kitanda moja tangu wadogo. Kigoma walipofika wakapewa uji, wakakaa pamoja, hakuna aliyezungumuzia tena. Njaa si tabia ya mutu. Usihukumu yule bibi na ile siku moja.

#35 NesiKigoma
#34 pole sana. Na hata kwenye hadithi hii waliishia hivyohivyo. Bibi alikuta kambi ya wawindaji wameiacha, kuna nyama kwenye chungu, kuna suruali ya ngozi akavaa, na farasi. Adam Harman alikwenda kumtafuta baada ya Mary kuomba, akamkuta anakuja juu ya farasi na kengele inalia. Mary na yeye walipoonana walikumbatiana wakalia wote. Halafu bibi akaenda zake Pennsylvania.

#36 Buda_wa_Nakuru
Kwa hivyo ile kengele alibeba ndio ilimsaidia watu wamsikie?? #22 naomba msamaha kwa cucu.

#37 Chuma_Cha_Pua
Bora kengele kuliko jina, maana jina lake hakuna aliyejua kuliandika. Katembea njia ileile, umri mkubwa zaidi, kafika. Sanamu kapewa nani?

#38 Mjomba_Mtata
Hapo #37 umegusa. Niende mbali zaidi. Virginia ya 1755 Waafrika walikuwa wanauzwa mnadani mchana kweupe, wanawake wanapokonywa watoto kila mwezi, kuna waliotoroka wakafuata mito hiyohiyo. Nani aliandika siku zao 42? Mzungu mmoja katekwa miezi minne, vitabu, barabara kuu ina jina lake huko Kentucky. Sina chuki na mama wa watu, nauliza tu kalamu ilikuwa kwa nani.

#39 MwanaHistoria_Tabora
#38 swali zuri, na hata kwetu ni hivyo. Yupo Swema, binti wa Kiyao aliyeuzwa akafikishwa Zanzibar miaka ya 1860, akazikwa akiwa bado anapumua, akaokolewa akapelekwa kwa masista. Tunamjua kwa sababu padri Mfaransa alikaa akaandika, na kaandika anavyotaka padri. Bila padri hakuna Swema. Bila Hale labda hakuna mtoto wa kike wa Mary.

#40 Dada_Pwani
Mmerudi kwa Hale. Nilijua.

#41 Mzururaji_wa_Vitabu
Naomba tuzungumze na watoto wa kiume maana hapo ndo nilipolia. George alikufa huko huko hakuishi muda mrefu. Thomas alikaa na Washawnee MIAKA 13. Baba yake akamtuma mtu anaitwa Baker aliyewahi kuwa mateka kwao anajua lugha, akamkomboa kwa pesa, njiani dogo akatoroka usiku akarudi kwa mama yake wa Kishawnee. Mwaka 1768 William akaenda mwenyewe na Baker, akalipa tena, akarudi naye. Ana miaka 17, Kiingereza hajui, anavaa kama wenzake, anapotea porini siku kadhaa na upinde wake. Wakampeleka kwa Dkt. Thomas Walker, kwenye shamba lake la Castle Hill, Virginia, asomeshwe.

#42 Bi_Mkubwa_Unguja
Na yule mama wa Kishawnee? Kalea mtoto toka miaka minne mpaka kumi na saba, kaja mwanamume na pesa kamchukua. Yeye naye si kapokonywa? Hapo kuna mama wawili mnamlilia mmoja.

#43 Chuma_Cha_Pua
Yeye alimpata kwa wizi.

#44 Bi_Mkubwa_Unguja
Yeye hakwenda Virginia na shoka mwanangu. Kaletewa mtoto.

#45 MwanaHistoria_Tabora
Bi mkubwa yuko sahihi, kwao mateka alikuwa anaingizwa kwenye familia kuziba nafasi ya aliyekufa, anakuwa mtoto kweli, siyo kijakazi. Ndiyo maana 1764 Kanali Bouquet alipowalazimisha Washawnee na Wadelaware warudishe mateka kule Muskingum, walirudishwa zaidi ya 200 na baadhi ilibidi wafungwe kamba ili WARUDI kwao. Bettie wifi yake Mary naye alichukuliwa na familia ya mzee mmoja mkubwa, mumewe akamkomboa baada ya miaka sita hivi.

Na Mary Jemison, alitekwa Pennsylvania akiwa binti, akaishi na Waseneca mpaka anakufa 1833, alipewa nafasi ya kurudi akakataa, alishakuwa na watoto huko. Cynthia Ann Parker wa Texas alitekwa 1836, "akaokolewa" 1860, akawa anajaribu kutoroka arudi kwa Wakomanche.

#46 Mjomba_Mtata
Kwahiyo Mary Ingles ndo wa ajabu siyo wa kawaida. Wengine wanabaki.

#47 Mhasibu_Mstaafu
Mary alikaa miezi mitatu minne tu, akiwa mtu mzima na mume hai. Wanaobaki ni wale waliochukuliwa watoto. Huwezi kulinganisha.

#48 Buda_wa_Nakuru
Na kuna Hannah Duston wa 1697 huko Massachusetts, huyo hakutoroka na kashoka ya kuvunja walnut, yeye na wenzake wawili waliua watu kumi wakiwa wamelala, sita kati yao watoto, akatoa ngozi za kichwa akalipwa na serikali. Akawekewa sanamu 1874. #37 sanamu zao usizitake.

#49 Kijiwe_Cha_Kahawa
Ngoja niulize kitu kidogo, eti nywele za Mary ziligeuka nyeupe zote kwa hizo siku? Miaka 23?

#50 NesiKigoma
Ndivyo inavyosimuliwa. Nywele ikishaota haibadiliki rangi usiku mmoja. Lakini njaa kali na mshtuko vinaweza kufanya zenye rangi zidondoke zikabaki nyeupe, au zinazoota upya ziote bila rangi. Miezi kadhaa baadaye mtu anakuona kichwa cheupe, akija kusimulia anasema "alirudi mweupe". Nimeona watoto wa utapiamlo nywele zimebadilika.

#51 Sungura_Mjanja
Au alikuwa na mvi za ukoo tu. Mimi nilianza sekondari.

#52 Dada_Pwani
#51 wewe ni stress za kukopa

#53 Mapendo_Lexington
Kuna kipande kingine kinaonyesha huyu mama alikuwa na macho. Siku alifika kwa Harman, mumewe hakuwepo, alikuwa ameenda na shemeji kwa Wacherokee, kabila ingine, kutafuta musaada wa kumukomboa, wakakutana baadaye kidogo pale ngome ya Dunkard Bottom. Wakamupeleka ngome ingine, ya Vause, ndio inasemekana salama. Akasema hapana, hapa sikai. Wakahama kuvuka Blue Ridge. Mwezi wa sita 1756 ile ngome ikashambuliwa, watu wakauawa na kubebwa. Watu wengine wanasema ni Mungu, wengine wanasema ni mutu alijua namna Washawnee wanasafiri.

#54 Mhasibu_Mstaafu
Au mtu aliyeogopa kila kitu kwa sababu ya yaliyompata, na mara moja hofu ikapatia.

#55 Mjomba_Mtata
Mzee wewe hata muujiza unautaka risiti

#56 Mhasibu_Mstaafu
Yenye mhuri.

#57 Chuma_Cha_Pua
Nirudi kwa #7 na yale maziwa, maana hakuna aliyemjibu. Mnabishana Hale na John, wakati nesi ametoa kitu cha mwilini. Kama huyo mtoto aliachwa kwa Washawnee mwezi wa kumi akiwa ananyonya, ina maana kuna mwanamke kule alimpa ziwa. Baba alikwenda mara ya pili kwa Thomas, amekaa na watu wale wamezungumza bei. Hakuuliza binti yake? Miaka 13! Sijaona popote William anamtafuta binti. Hiyo kwangu ndiyo inaua habari ya Hale.

#58 Dada_Pwani
Kama waliambiwa amekufa?

#59 Chuma_Cha_Pua
Basi kingeandikwa amekufa, kama George.

#60 Sungura_Mjanja
Au aliuliza na hakuandika. Nyie mnafikiri kila baba anaandika?

#61 NesiKigoma
#57 nashukuru umerudi hapo. Sema mwanamke wa kumnyonyesha angepatikana, hilo lisikupe shida, kijiji cha watu zaidi ya elfu hawakosi wanaonyonyesha. Shida yangu ni ya mama, siyo ya mtoto.

#62 Mzururaji_wa_Vitabu
Wakuu nimejifunza mengi, asanteni. Nitafute ile ya John niisome yote neno kwa neno kabla sijasema lolote. #15 ukienda tena Big Bone tuwekee picha.

#63 Mapendo_Lexington
Nitaweka. Ila mujue kwa mlango kuna duka ya zawadi, watoto watawamalizia pesa kwa tembo za plastiki.

#64 Buda_wa_Nakuru
Swali la mwisho kabla nilale, huyo Baker dogo alipomtoroka usiku, zile pesa za kwanza alirudishiwa ama Washawnee walikula mara mbili?